Boriti za Masele

Mambo haya yalitokea mwaka wa 2023, kiangazi kilipokuwa kinakaribia kwisha. Pamba ilikuwa imekwisha kuuzwa, mashina yake makavu yalikuwa bado yamesimama mashambani, na watu wa Mwanhuli, kilima kilichoko mashariki ya Ushirombo, walikuwa wamechoka uchovu ule ambao usingizi hauuondoi.

Wakati huo Noela alirudi nyumbani kwa mama yake. Alikuwa amesomea ujenzi chuoni, kisha akafanya kazi Isaka, katika yadi moja ya mizigo iendayo magharibi, akikagua sakafu na majukwaa yanayobeba makontena. Mkataba wake ulipokwisha, hakuna aliyemwandikia mwingine. Alishuka garini na begi moja, akamwamkia mama yake, akaingia ndani akalala hadi jioni. Mama yake, Paskalina, hakumwuliza neno. Alikuwa mjane aliyepikia wachimbaji kwenye mdomo wa duara, maana ndivyo waliitavyo shimo lao, na sura ya mtu aliyeachwa na kazi alikuwa amekwisha kuiona mara nyingi juu ya sahani ya maharage.

Duara lenyewe liliachwa na marehemu mumewe. Lilishuka wima kama kisima, kisha chini likageuka kuwa njia ya mlalo iliyoufuata mkanda wa mawe yenye dhahabu. Sostenes, kaka yake Noela, ndiye aliyekuwa fundi wa matimba, yaani miti inayoizuia dari ya njia hiyo isianguke: nguzo huku na nguzo huku, na boriti juu yake. Boriti zilitoka katika ngitili ya baba yao mkubwa, Masele, malisho aliyoyafunga kwa miaka mingi hata migunga ikawa minene kuliko paja la mtu.

Masele hakuwauzia boriti hizo. Alizitoa kwa utaratibu wa ng'ombe. Mtu humkabidhi mwenziwe ng'ombe amtunze, ng'ombe akabaki kuwa mali ya mwenyewe, na mtunzaji akapata maziwa. Vivyo hivyo boriti ilibaki kuwa ya Masele hata ikiwa chini ya ardhi, na kila mawe yalipogawanywa alipata fungu kwa kadiri ya boriti zake zilizosimama. Ili ubishi usizuke, alizitia alama ileile aliyowatia ng'ombe wake masikioni: makato mawili ya shoka yaliyokutana kama mdomo wa ndege. Aliikata katikati ya boriti, upande wa chini. Kabla ya mgao aliteremshwa kwa winchi, akaipita njia yote na tochi mkononi, uso ameuinua, akiisoma mali yake.

Noela aliligundua jambo lake akipasua kuni. Nyuma ya jiko la mama yake palikuwa na lundo la boriti zilizovunjika, zilizopandishwa kutoka chini ili zisipotee bure. Aliokota nusu moja, akatafuta mwenzake, akaziunganisha. Akaokota nyingine, akafanya hivyohivyo. Kisha akaliacha shoka.

"Mama, hizi zote zimevunjikia mahali pamoja."

"Kuni ni kuni," alisema Paskalina. "Moshi wake ni uleule."

"Zimevunjikia kwenye alama ya baba mkubwa."

Paskalina aliendelea kukoroga sufuria. "Mwambie kaka yako. Mimi hapa naivisha maharage, siivishi boriti."

Sostenes alipopanda alikuwa na tope hadi kwenye kope. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanyosha miguu, akafumba macho kama anayetaka kufia hapohapo kwa dakika chache.

"Huko chini boriti zinalia?" Noela alimwuliza.

"Zinalia. Zikilia tunatoka, tunaweka nyingine, tunarudi. Ndiyo heshima ya mti. Mti unakuaga."

"Zinalia sana?"

"Tangu tuingie kwenye mwamba laini, sana. Zamani boriti ilikaa mpaka inaota uyoga. Sasa nabadilisha kila mara, na baba mkubwa anadhani naziuza." Alifumbua jicho moja. "Mvua ikianza, sijui. Udongo ukinywa maji unakuwa mzito. Kila asubuhi nikifunga mkanda wa winchi najiuliza kama leo boriti itaniaga mapema au itachelewa."

Mama yao aliyasikia hayo. Mwiko ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Noela aliketi chini karibu na kaka yake. "Wewe nguzo ukiisimamisha, chini unaweka nini?"

"Kibao."

"Kwa nini?"

"Isizame."

"Ukiweka kibao, uzito wa kilima unapungua?"

"Utapunguaje? Ni uleule. Umepewa tu pa kukaa papana."

"Basi mada niliyokaa nayo muhula mzima wewe unayo."

"Na kwa hilo tu wakakuvika kofia nyeupe ya wakaguzi?" alisema Sostenes, na Noela akacheka, mara yake ya kwanza tangu arudi.

Alichoeleza Noela jioni hiyo chapasa kuelezwa hapa kwa utaratibu, maana kisa chote kimesimama juu yake. Uzito peke yake hauvunji kitu. Kinachovunja ni mkazo, nao ni uzito ukigawanywa kwa mahali palipoupokea. Mzigo mmoja ukikaa juu ya kibao kipana, kila sehemu ya udongo hubeba kidogo. Ukikaa juu ya ncha ya mwiba, sehemu moja hubeba wote na kutobolewa. Tena mti unaolala juu ya nguzo mbili na kukaliwa na mzigo hupinda kidogo, hata kama jicho halioni. Ukipinda, nyuzi zake za juu hubanwa na nyuzi zake za chini huvutwa, na mahali zinapovutwa kuliko popote ni katikati, upande wa chini. Shoka likikata hapo, nyuzi zilizokatwa haziwezi kuvuta tena. Kazi yao huangukia nyuzi jirani, zilizo kwenye ncha ya kato, nazo zilikuwa na kazi yao tayari.

Noela alikwenda shambani akarudi na mashina mawili ya pamba. Alilikata kila moja kwa kisu, mkato mdogo katikati. La kwanza alilipinda mkato ukiwa chini, likakatika mara moja. La pili alilipinda mkato ukiwa juu. Kinywa cha mkato kilijifunga, meno kwa meno, na shina likapinda mbali sana kabla ya kukatika.

Sostenes alilishika shina lile la pili, akalitazama muda mrefu. "Basi tuzigeuze. Alama iangalie juu. Kwenye kato tugonge kabari ya mti mkavu, lizibe kabisa."

"Ni mali yake. Tumwambie kwanza."

"Mwambie wewe. Mimi nimechoka kuambiwa mtoto."

Asubuhi yake Noela alimkuta Masele uani, shoka mkononi, mgunga mpya umelazwa mbele yake.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Mwangaluka, ng'wanone, mwanangu. Wa Isaka wamekuchoka?"

"Wamenichoka."

"Hata mimi nimechoka, na mimi sijafika Isaka. Kaa hapo."

Alikaa. Alimwonyesha mashina ya pamba, akayapinda mbele yake kama alivyoyapinda mbele ya Sostenes, akamwomba boriti zigeuzwe, alama iangalie juu. Masele alitazama kwa adabu. Hakuwa mjinga wala mtu mbaya. Jambo hilo lieleweke.

"Hiki ni kijiti cha pamba," alisema. "Huu ni mgunga. Ng'ombe wangu wote wana kato sikioni, na sijamwona aliyekufa kwa kato."

"Ng'ombe habebi kilima kwa sikio, baba mkubwa."

Jikoni mtu alicheka.

"Nani anacheka huko?"

"Ni moshi," alijibu mkewe, Generosa, kutoka ndani.

Noela alisogea karibu. "Tia alama kwa rangi. Nitaichagua mimi ile isiyotoka."

"Ng'ombe aliyepakwa rangi mvua ikinyesha ni wa kila mtu."

"Basi kata nchani. Karibu na nguzo mti hauvutwi sana."

"Nchani kuna tope. Nitasoma nini, tope?" Masele aliliweka shoka chini, na uso wake ukawa wa mzee kuliko ulivyokuwa. "Sikiliza. Duara la kwanza nililolipa miti, niliwaamini, sikuitia alama. Siku ya mgao wakaniambia miti yako imeoza, hii unayoiona ni ya fulani. Nilirudi nyumbani na kofia yangu tu. Hao walikuwa rafiki zangu. Nyinyi ni watoto wa mdogo wangu, na watoto wa mdogo ndio wanaojua njia zote za kuingilia zizini. Boriti zikae kama zilivyo."

Noela aliagana naye akaondoka. Njiani hakuwa na hasira. Alikuwa na ule uzito wa mtu aliyeeleza jambo sawasawa na lisipokelewe.

Sostenes hakungoja ruhusa. Kwa muda wa juma zima, wenzake walipopumzika mchana, alizigeuza boriti moja baada ya moja, akianzia karibu na shimo la wima na kuelekea mwisho wa njia. Kila kato alilizibia kabari, akaigonga hadi ikaimba. Boriti zilizogeuzwa hazikulia tena. Kwa upande wa mti alitenda vema. Kwa upande wa mwenye mti alitenda vibaya, na alilijua hilo alipokuwa akilitenda.

Siku ya mgao ilifika. Masele aliteremshwa na tochi yake, akakaa chini kitambo, akavuta kamba apandishwe. Hakupaza sauti. Alisimama mbele ya wachimbaji wote, akajipangusa magoti.

"Nimeshuka kwenye zizi langu," alisema, "nimekuta ng'ombe hawana masikio."

Wazee waliitwa. Kuficha alama ya mali ya mtu, kwa watu wale, hakuna tofauti na kumkata ng'ombe sikio upya ili aonekane wa kwako, na adhabu yake ni mchenya, faini inayotolewa kwa mifugo. Noela alisimama akaanza kueleza habari ya nyuzi za juu na nyuzi za chini. Mzee Ngusa, aliyekuwa akiongoza baraza, alimwacha aseme sentensi tatu.

"Binti, hatujauliza mti unavunjikaje. Tumeuliza alama imefichwa au haikufichwa."

"Imefichwa," alisema Sostenes.

"Haya."

Nyumba ya Paskalina iliamriwa kumtoa mtamba, na boriti zote zigeuzwe ziangalie chini kama zamani. Mtamba alikuwa mmoja tu. Paskalina alimfungua mwenyewe, akamkabidhi kamba Masele bila kumtazama, akarudi jikoni.

"Nisamehe, mama," Noela alimwambia.

"Usiniombe radhi. Niambie tu, kaka yako kesho anashuka au hashuki?"

"Anashuka. Wasipochimba hawali."

"Basi menya vitunguu."

Noela alimenya. Baadaye alimfuata Sostenes, akamsihi jambo moja: aanzie mwisho wa njia, kule mbali, na boriti zilizo karibu na mlango wa kutokea azigeuze baadaye kabisa. Sostenes alikubali kwa kichwa tu. Akaanza kazi ya kuubomoa ulinzi wake mwenyewe, akizing'oa kabari na kuzigeuza boriti kinywa wazi chini, polepole, kwa mikono ya mtu asiyeipenda kazi yake.

Ndipo mvua zikaja. Mwaka ule hazikuja kwa kubisha hodi. Zilinyesha usiku na mchana, zikasomba madaraja ya miti, zikajaza vishimo vyote vya kale vilivyokuwa juu ya kilima, na maji yake yakaanza kutafuta njia ya kushuka ndani. Wachimbaji walipumzika, wakalala vibandani mwao. Mvua iliponyamaza kidogo, Masele alifika akiwa amejitanda turubai.

"Kazi imefika wapi?"

"Nimegeuza za mwisho wa njia," alisema Sostenes. "Za huku bado."

"Mbona polepole hivyo? Nishushe nikaone."

"Baba mkubwa, udongo umelewa. Tungoje."

"Utangoja mpaka lini? Mpaka nife?"

Noela alikuwa kwenye winchi pamoja na wachimbaji wawili. "Usishuke," alisema. "Nakuomba kama mtoto wako. Ukitaka kunitoza mtamba mwingine sina, nitoze mimi mwenyewe, nikulimie, lakini usishuke."

Masele alimtazama, akasitasita. Lakini alikuwa amekwisha kusema mbele ya vijana kwamba anashuka. Sostenes alifunga mkanda akatangulia, maana hangeweza kumwacha mzee ashuke peke yake. Paskalina alitoka jikoni na mikono yenye unga, akasimama kwenye mdomo wa duara.

Chini, maji yalidondoka kutoka kila upande. Wawili hao walipita chini ya boriti ambazo bado zilikuwa zimegeuzwa juu, na Masele akaguna kwa kila moja. Walipofika mwisho wa njia aliinua tochi, na uso wake ukatulia.

"Sasa nawaona ng'ombe wangu," alisema.

Boriti ya mbele ililia. Si mlio mkubwa. Ulikuwa kama mlango wa jirani.

"Tutoke, baba mkubwa."

"Ngoja nimalize."

Ililia tena. Masele alikuwa ameielekeza tochi palepale penye alama yake, na kwa hiyo aliona kwa macho yake kile ambacho mashina ya pamba hayakuweza kumwonyesha. Kato lilikuwa likifunguka. Ncha ya makato mawili, pale penye mdomo wa ndege, ilitoa ufa mwembamba kama unywele, na ufa ukapanda juu ndani ya mti, ukasimama, ukapanda tena. Boriti ya pili nayo ikaanza, kwenye alama. Na ya tatu.

Sostenes alimshika mkono akamvuta. Hawakukimbia, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kukimbia. Walikwenda wameinama, mmoja nyuma ya mwingine, na nyuma yao boriti zilikatika kwa mfuatano, kila moja katikati, na kilima kikashuka na kuijaza njia. Upepo wa tope uliwapiga migongoni. Masele alianguka, akainuliwa, akaanguka tena. Kisha kukawa kimya.

Walikuwa chini ya boriti ambazo hazijageuzwa upya. Hizo nazo zilikuwa zimepinda, tena kwa kuonekana. Makato yake, yaliyoangalia juu, yalikuwa yameziuma kabari kwa nguvu zote za kilima, na hazikukatika. Tope lilikuwa limesimama mbele ya boriti ya kwanza kama ng'ombe mbele ya lango.

Masele aliinua mkono, akaligusa tumbo la boriti iliyokuwa juu yake. Lilikuwa laini, halina alama.

"Hii nayo ni yangu?"

"Ni yako."

"Alama iko wapi?"

"Juu. Imefunga mdomo."

Mzee aliushusha mkono. Walitembea hadi kwenye shimo la wima, wakafungwa mikanda, wakapandishwa mmoja mmoja, mzee kwanza.

Juu, Paskalina alimwona Masele akitoka, akaendelea kuitazama kamba iliyorudi chini tupu. Aliitazama hadi Sostenes alipotokeza kichwa. Hapo ndipo alipoketi, palepale kwenye tope, na unga ukiwa bado vidoleni. Noela aliiachia winchi. Hakuna aliyesema "nilikwambia." Neno hilo linahitaji nguvu, na pale hapakuwa na mtu mwenye nguvu. Paskalina aliinuka baada ya muda, akawaletea wote wawili uji, kikombe cha kwanza akampa shemeji yake, kama inavyopasa. Masele alikunywa akiwa ameinamisha kichwa, akarudisha kikombe, akaenda zake na mvua.

Kwa siku kadhaa hakuonekana. Generosa alipopita kuchukua chumvi alisema kwamba mzee haumwi, ila ameketi uani na shoka lake na hakati kitu.

Asubuhi moja, jua likiwa limetoka kwa mara ya kwanza baada ya mawingu mengi, Masele aliingia uani kwa Paskalina akimvuta mtamba mwekundu, mnene, mwenye doa jeupe begani.

"Shikamoo, shemeji," alisema Paskalina.

"Marahaba. Watoto wapo?"

"Wamelala. Waamke?"

"Waache. Wamekesha vya kutosha mwaka huu." Alipangusa jasho. "Mtamba wenu nilimkata sikio siku ileile niliyomchukua. Hawezi kurudi kwenu na alama yangu. Kesho mtu atasema mmeniibia. Nimeleta huyu. Ana mimba, na mtazame masikio, ni mazima."

Paskalina alimtazama mtamba, akamtazama mzee. "Wazee wanajua?"

"Nimempitia Ngusa. Ameniambia mchenya haurudishwi, haijapata kutokea. Nimemwambia mimi sirudishi mchenya. Nalipa deni."

"La nini, shemeji?"

Masele alitazama upande wa kilima, kisha chini. "Mwanao alinishika mkono," alisema. "Angeweza kuuacha."

Alinyosha kamba. Paskalina alijifuta mikono kwenye kanga, akaipokea, akamwongoza mtamba zizini, akarudisha mti wa lango mahali pake.